Kutu ya Upanga wa Ijumaa

Juzi nilikata ndimu kwa kisu changu cha zamani, kile chenye mpini uliofungwa waya, nikakiacha juu ya meza na maji yake, nikaenda kupokea simu. Niliporudi kisu kilikuwa kimegeuka rangi na harufu imetanda jikoni, harufu ya ndimu iliyolala juu ya chuma. Mjukuu wangu akaziba pua. "Bibi, kitupe hicho, nunua cha kisasa kisichoshika kutu." Nikamwambia atoke jikoni kwangu. Kisha nikakaa kwenye kigoda, mtu mzima na miaka yangu sitini na kidogo, nikalia. Sikulia sana. Nikamaliza, nikaendelea na samaki wangu.

Nawasimulia nyinyi wa rika langu, mliokula ugali wa unga wa njano na kupanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji, maana vijana tukiwaambia tulihama na milango yetu kichwani wanadhani tunatia chumvi. Wala si habari ya siasa hii. Ni habari ya upanga mmoja na mtoto mmoja mjinga, na huyo mjinga ni mimi.

Kwetu ni upande wa Msimbati, si mbali na pale Ruvuma unapoingia baharini. Kitongoji chetu cha pwani kilikuwa na nyumba chache, minazi, na msikiti mdogo wa mawe uliojengwa na watu ambao hata babu zetu hawakuwakuta. Msikiti ule ulikuwa na upanga wake. Asiyeujua mtindo huo asishtuke, haukuwa wa kumkata mtu. Siku ya Ijumaa khatibu, yule anayesoma hotuba, alipanda mimbari akiwa ameushika mkononi, na kila akikanyaga ngazi aliigonga kwa ncha yake, ko, ko, ko, mpaka watu wanyamaze. Kwingine hushika bakora. Sisi tulikuwa na upanga wa chuma, ambao ukisimamishwa ulinifika kifuani, na ulitunzwa nyumbani kwetu. Babu yake baba aliutunza, babu yangu akaupokea, kisha baba. Alhamisi baba aliusafisha, Ijumaa asubuhi khatibu alikuja kuuchukua, na baada ya swala aliurudisha. Hiyo ndiyo heshima yote tuliyokuwa nayo. Hatukuwa na ng'ombe wala duka.

Baba alikuwa na mtoto mmoja tu, na mwenyewe wa kike. Watu walimhurumia kwa hilo mbele yangu, kana kwamba mimi ni kigae. Lakini Alhamisi ikifika, baada ya alasiri, aliniita mimi. "Somoe, lete ndimu." Tukakaa nyuma ya nyumba, upanga umelala juu ya mkeka baina yetu.

"Hii kutu nyekundu ni mgeni mbaya, mfukuze," aliniambia. "Huu weusi ni ngozi yake. Uache."

Alikata ndimu nusu kwa nusu, akaichovya kwenye jivu lililochekechwa kwa kitambaa, akasugua kwa kufuata urefu wa chuma, kutoka mpinini kwenda nchani. Kuzungusha mkono ilikuwa haramu. Palipokuwa pagumu tulitumia mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni, tuliouponda ukawa unga. Ndimu haikuachwa ikakaa, maana ikikaa inakula chuma chenyewe. Maji ya kuoshea yalitoka kisima cha maji matamu. Kisha kitambaa, kisha jua, kisha upanga ukapitishwa juu ya makaa yanayozimika mpaka upate joto la mkono wa mtu. Mafuta yalikuwa ya nazi, lakini yawe yamechemshwa mpaka yaache kulia chunguni, kwani mafuta yanayolia yana maji ndani yake. Mafuta ya papa wanayopaka majahazi yangefaa zaidi, ila nani aingize uvundo ule msikitini? Na tukishapaka, hakuna kugusa. "Kidole chako kina chumvi," alisema. Nikagusa kwa ubishi. Alhamisi iliyofuata dole gumba langu lilikuwepo pale pale, jekundu, na mistari yake yote. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Umetia sahihi, bibie," akasema, akaniachia nilisugue mwenyewe.

Siku nyingine zote alikuwa mtu wa kimya. Kwa hiyo mimi wiki nzima nilikuwa nangoja Alhamisi.

Kisha serikali ikaamuru watu wakusanywe kwenye vijiji vipya, tukahamishwa. Balozi wa nyumba kumi alipita kutangaza, lori likaja, tukapakia vyungu na mlango. Tuliambiwa tutapata shule, zahanati na maji, na nisiwe mnafiki, shule tuliipata. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, mwendo wa saa nzima kutoka baharini kwa miguu ya mtoto. Nyumba zilipangwa mistari kama darasa. Tulijenga ya udongo haraka haraka ili mvua isitukute nje, na msikiti nao ukajengwa wa udongo na makuti, na mimbari ya mbao yenye ngazi tatu. Upanga ukatundikwa ukutani kwetu umefungwa kitambaa, ala yake ya ngozi pembeni, udongo haujakauka bado.

Baba hakukiweza kijiji. Minazi yake ilibaki kule, na alisema mtu aliyezoea kuangua dafu lake mwenyewe hawezi kupigiwa kengele kwenda kupalilia mikorosho ya wote. Alijaribu msimu mmoja. Halafu akasema anakwenda Mtwara kutafuta ukuli bandarini, miezi mitatu tu, arudi na mabati. Mama alifunga kanga yake upya, akafunga tena, na haikuwa imelegea.

Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani. Lori liliposimama baba aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Somoe, upanga usishike kutu mpaka nirudi."

Angesema "msikilize mama yako", kama baba wengine, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Jirani yetu alikuwa Bi Nakuya, Mmakonde kutoka bara kidogo, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Wanawake walikusanyika kwake kumenya muhogo wa makopa, na sisi wasichana tukawa tunamenya nao, na yeye akawa anatoa hadithi ili mikono isichoke. Siku hiyo ilikuwa hadithi ya kijana aliyekwenda safari ya mbali. Kabla ya kuondoka alichomeka kisu kwenye nguzo ya nyumba, akamwambia dada yake: kiking'aa, mimi mzima, kikishika kutu, mimi naumwa, kikiliwa kikakatika, basi nilieni.

Niliacha kumenya. "Bi Nakuya, upanga nao?"

"Upanga umefanyaje?"

"Upanga nao unaweza kuwa hivyo?"

"Chuma ni chuma, mwanangu," akasema, akanitupia muhogo mwingine. "Menya, unaniachia peke yangu."

Nyie, mtoto ni mtu wa ajabu. Mtu mzima angecheka. Mimi nilirudi nyumbani mbio, nikaushusha upanga, nikaufungua kile kitambaa, na karibu na mpini nikakuta madoa matatu mekundu, madogo kama mbegu za ufuta. Sasa najua ulikuwa ukuta. Ukuta wa udongo mbichi unatoa unyevu miezi na miezi. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba baba anaumwa huko Mtwara na dawa iko mikononi mwangu.

Ikawa si Alhamisi tena, ni kila siku. Nikitoka shule nilichukua jivu, ndimu na kitambaa, nikakaa nyuma ya nyumba. Madoa yakiondoka, nilipumua. Yakirudi, nilisema leo ana homa. Siku moja kutu ilitokea kwenye ncha, nikaamua ameumia mguu, gunia limemwangukia, na wiki nzima nilisugua ncha ile nikimsemesha: baba, kanyaga taratibu, baba, usibebe mizigo mizito. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Watoto wenzangu walicheza rede uwanjani, kila kundi na watu wa kitongoji chao cha zamani. Wa kwetu walikuwa wamepangiwa mstari wa mbali, na waliobaki walinipa jina, Bibi Upanga. Nilipita mbele yao nikiwa nimebana nusu ya ndimu kiganjani, nikijiambia hawajui, wao baba zao wako nyumbani wanakunywa chai, hawajui mtu anavyowekwa hai. Nilitamani mno kumwambia mtu. Lakini katika hadithi ile dada hakumwambia yeyote, nami nikafunga mdomo.

Miezi mitatu ikapita. Sita ikapita, mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Mabati hayakuja, wala barua.

Mama naye alikuwa na kimya chake. Alirudi shambani, akapika, akanitazama nikila. Nilimwona mara nyingine amesimama mlangoni na kibuyu au ndoo, ananiangalia nikisugua, halafu anaondoka. Nilidhani ananichukia kwa kuacha kazi za nyumbani. Siku moja chupa ya mafuta ya nazi ilikwisha, na mafuta yenyewe yalikuwa ya kupikia na ya nywele, na nazi zilikuwa hazipatikani kama zamani. Akaniuliza, "Mafuta yamekwenda wapi?" Nikasema sijui, labda panya. Akauchukua mkono wangu, akaunusa, akaurudisha mahali pake kama kitu cha watu. Kesho yake nikakuta kichupa cha dawa kimejaa mafuta, kimewekwa chini ya pale upanga ulipotundikwa. Nikayapasha moto kijikoni kuyajaribu. Hayakulia. Yalikuwa yamechemshwa sawasawa. Mimi, kwa ujinga wangu, nikafikiri ni mzimu wa babu.

Khatibu wetu aliitwa Mwalimu Chande, ndiye aliyetufundisha na juzuu. Mtu mfupi, mwenye pumu na hasira za karibu. Kila Ijumaa alipokuja kuuchukua upanga, nimeshautia kwenye ala, aliuchomoa kidogo, akautazama, akasema mashallah. "Hata enzi ya babu yako haukung'aa hivi." Yeye alikuwa na safari nyingi za Mtwara, mara mikeka ya msikiti, mara mafuta ya taa, na akirudi nilimkimbilia. "Mwalimu, umemwona baba?" Alikuwa akikunja uso, akisema, "Mtwara kubwa, mwanangu," kisha anaanza kukohoa. Swala ikianza nilikwenda kukaa nyuma ya ukuta wa msikiti, upande wa mimbari, nikingoja ko, ko, ko. Nikiisikia nilijua wiki moja nyingine baba ameipata.

Sasa, Fatu. Fatu alikuwa binti wa mstari wetu, mkubwa kwangu kidogo, mwenye kusema lolote linalomjia. Alipelekwa Mtwara kutibiwa jicho, akarudi na kitambaa usoni na habari za mjini tele. Tulikuwa kisimani. Akasema, "We Bibi Upanga, nimemwona baba yako."

Ndoo iliniponyoka.

"Chikongola, sokoni. Amenenepa huyo! Hata sikumjua, yeye ndiye aliyetuita. Amembeba mtoto mabegani, mtoto anamvuta masikio, yeye anacheka tu. Akanipa andazi."

Mkitaka niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Amenenepa! Yale mafuta yote. Ile ndimu iliyonichubua vidole. Nilitaka kupiga kigelegele pale pale. Nikachota maji, nikajitwika, nikatembea hatua labda ishirini, ndipo yule mtoto wa mabegani akanifikia. Mimi baba hakuwahi kunibeba mabegani. Alikuwa mtu wa kimya.

Nikamkuta mama anapepeta. "Mama, baba ana mtoto?"

Ungo ulisimama. Akautua chini polepole, makapi yakabaki upande mmoja. "Anaye," akasema. "Wa kiume. Na mama yake yupo."

"Umejua lini?"

"Mvua za kwanza."

Nikahesabu kichwani. Mvua za kwanza zilikuwa zamani, kabla ya kichupa. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona una kazi," akasema mama. "Nikashindwa kukunyang'anya."

Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Nilimchukia yeye, nikamchukia na Fatu na jicho lake. Lakini baba ndiye niliyemchukia hasa, na chuki ya mtoto ambaye amekesha na mgonjwa kisha mgonjwa akapona akaenda kukaa kwa jirani si ya mchezo. Jumatano nilitoroka shule. Nilitembea mpaka baharini na kibuyu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, nikapita kwenye kitongoji chetu cha zamani bila kugeuza shingo. Nikarudi na maji ya bahari. Nikaushusha upanga, nikaufuta mafuta yote kwa jivu, nikaumwagia. Nikamimina na yaliyobaki ndani ya ala yake ya ngozi, nikauchomeka humo. Baba alikuwa amenikanya hata kuulaza ndani ya ala siku za masika. Nilijua kila nilichokuwa nafanya. Nilikuwa namuua.

Alhamisi sikuugusa. Ijumaa asubuhi Mwalimu Chande alikuja, ana haraka, kifua kinambana, akaukwapua bila kuuchomoa akaenda zake.

Nilikaa nyuma ya ukuta. Adhana ikapita. Nikangoja ko. Badala yake nikasikia kitu kinakwaruza, kisha watu wakinong'ona, kisha Mwalimu akisema kwa nguvu, "Subhanallah!" Upanga ulikuwa umekataa kutoka. Alipouvuta kwa mikono miwili, ulitoka mwekundu mbele ya msikiti mzima. Hotuba ilisomwa kwa bakora ya mtu.

Baada ya swala alikuja kwetu na wazee wawili nyuma yake. Akaubwaga upanga mkekani. "Mama Somoe, nini hiki? Upanga wa mimbari! Umekaa miaka chungu nzima kwenye nyumba hii, leo mnautia aibu? Nani aliyekuwa na zamu ya kuutazama?"

Mama aliuangalia upanga. Akayaona yale maji ya kutu, na chembe nyeupe za chumvi zilizokauka karibu na mpini. Akaniangalia mimi. "Ni mimi, Mwalimu," akasema. "Niliuacha penye unyevu. Nilisahau."

"Mumewe nitampelekea habari," Mwalimu akawaambia wale wazee, utadhani mama hayupo pale. "Aje mwenyewe."

Walipoondoka ndipo hofu iliponishika. Kutu haikuwa mbegu za ufuta tena. Ilikuwa gamba, upanga mzima, toka mpini hata ncha. Kikishika kutu, mimi naumwa. Jamani, nilikuwa nimemtaka afe, na sasa nilikuwa sitaki. Nilichuma ndimu za Bi Nakuya bila kuomba. Nilisugua Ijumaa ile mpaka jua likazama, nikasugua Jumamosi, nikasugua Jumapili, nikauponda mfupa wa ngisi wote niliokuwa nao. Vidole vilipasuka, ndimu ikaingia, nikaona ni haki yangu. Mama alikuwa akiniletea maji matamu, anabadilisha kitambaa, anaondoka. Jumatatu ile kutu nyekundu ilikuwa imekwisha. Lakini chini yake chuma kilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na vishimo havisuguliki. Nilijaribu. Niliweka kidole juu yake, nikamwambia baba, nisamehe. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba maiti inakuja.

Alhamisi lori lilisimama barabarani akashuka baba.

Alikuwa mzima. Alikuwa na kitambi, na shati la mikono mirefu, na boksi la biskuti kwapani. Nilimkimbilia nikamshika mkono, nikauminya, nikausikia una joto. Nilifurahi kiasi cha kusahau mtoto wa mabegani. "Umekua," akaniambia. Akanipa biskuti.

Alipoupitia upanga kwa macho yake, toka juu hadi chini, alitikisa kichwa. "Lakini ilikuwaje?" akamwuliza mama, bila ukali, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Mbona ulikuwa unang'aa siku zote? Kila Mwalimu akija Mtwara namwuliza, upanga vipi? Ananiambia unawaka, haujawahi kuwaka hivyo. Nikasema moyoni, basi, nyumbani salama. Hawana shida na mtu. Ningejua mambo ni haya ningekuja zamani."

Biskuti iligeuka unga mdomoni mwangu. Sijui kama mnaweza kuona mtoto anavyopiga hesabu ya namna ile. Ningeuacha ukashika kutu mwezi wa kwanza, angekuja mwezi wa kwanza. Kila ndimu niliyokata ilikuwa imekwenda kumwambia asije.

Kesho yake baada ya swala wazee walikaa kwetu barazani. Baba akasema ana kazi Mtwara, hawezi kuwa huku na huku, na amana ni amana, afadhali upanga ukatunzwe kwa Mwalimu. Mwalimu Chande akakubali. Nyumba isiyo na mwanamume, akasema, si vizuri kuitwika jambo kama hili. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikatoka. Kwetu mtoto wa kike hakuingilia maneno ya wazee, mnajua wenyewe.

"Ninautunza mimi," nikasema. "Ndimi niliyekuwa nauwasha. Miaka miwili. Baba amenifundisha."

Wazee walicheka, si kwa ubaya. Mwalimu akasema, "Huyu binti nyie, maneno yake!" Nikamtazama baba. Yeye peke yake pale barazani ndiye aliyejua. Alijua dole gumba langu, alijua ni nani aliyekuwa akiponda mfupa wa ngisi. Nilingoja aseme neno moja tu. Baba akaangalia barabarani, akasema, "Haya, Mwalimu, uchukue ukiwa na kitambaa chake," na upanga ukaenda.

Jumamosi asubuhi lori lilipita, akapanda. Safari hii hakuniachia maagizo yoyote. Tulisimama, mimi na mama, mpaka vumbi likatulia, tukarudi nyumbani. Ukutani palibaki kigingi. Siku zilizofuata nilitoka shule nikakaa nyuma ya nyumba kwa mazoea, mikono mitupu, sina la kufanya nayo. Sikuwa na kitu cha kuniambia baba yuko salama, wala cha kumwita.

Siku moja katika siku hizo mama alikuja akakaa nami pale nyuma. Mama hakuwa mtu wa kukaa. Akanyoosha miguu yake juu ya mchanga, akavitazama vidole vyangu vyenye makovu.

"Mwezi wa pili tu nilikuwa nimekwisha kujua kitakachomleta," akasema. "Mwalimu aliniambia, mumeo haulizi mtu, anauliza upanga. Nikasema, haya, mimi nitamwonyesha. Nikaenda kisima cha chumvi, nikachota. Mara mbili nilichota, Somoe."

"Ukafanyaje?"

"Nikafika mlangoni na ndoo yangu. Nikakukuta na kitambaa, unausugua, unauambia baba, kanyaga taratibu. Nikayamwaga mchangani."

Nikamwuliza kwa nini. Nilikuwa nimekasirika, kusema kweli. Angeumwagia upanga tu, baba angekuja mapema, pengine kabla yule mtoto hajazaliwa.

Mama alikung'uta mchanga kwenye kanga yake.

"Bi Nakuya aliniambia ulichomwuliza siku ile ya hadithi," akasema. "Ungedhani umemuua wewe."